Kurudi Kazini Baada ya Korona

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Kwanza kabisa naishukuru kamati kwa heshima hii. Nimepewa dakika ishirini, na kwa kuwa harufu ya pilau imekwisha kutufikia hapa ukumbini, nitajitahidi nisizipite.

Mada niliyopewa ni kurudi kazini baada ya ugonjwa wa korona. Huenda mtu akauliza: habari hizo si zimekwisha? Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha, na barakoa zetu tumeziweka kabatini. Naam, ugonjwa umepungua makali. Lakini swali ulilotuachia lingali mezani. Hadi leo wako waajiri wanaowataka watu wote ofisini siku tano, wako waliokubali siku mbili za nyumbani, na wako wafanyakazi waliokwisha kurudi miili yao tu, mioyo ikabaki nyumbani. Nanyi vijana, baada ya miaka michache mtaingia katika ofisi hizo hizo. Ndiyo sababu nimeona yafaa tulizungumze jambo hili wazi wazi.

Kwa faida ya vijana, ambao wakati ule mlikuwa shule za msingi, nitakumbusha tarehe chache. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, akawataka waajiri wa serikali na wa makampuni wawaache watu wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao kazi zao haziwezi kusimama. Machi 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Aprili 8 ikawa hakuna ruhusa tena ya kuingia wala kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale, na kwa Mombasa marufuku hiyo haikuondolewa hadi Julai 7. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi shuleni Oktoba 12, 2020, na waliosalia wakarudi Januari 4, 2021. Kafyu yenyewe ilidumu hadi Oktoba 20, 2021. Kwa ufupi, ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kuishi kwa kuangalia saa.

Mimi ni karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Bandari haikufungwa, kwa maana hapo hupita ngano, dawa na mafuta ya kwetu na ya majirani zetu wa bara. Kwa hiyo ofisi yetu iligawanyika mafungu mawili. Sisi watu wa karatasi, ambao siku hizi kazi yetu karibu yote hupita katika kompyuta, tuliambiwa tuchukue mashine zetu twende nazo nyumbani. Wenzetu wanaosimamia makontena, na tarishi, na bawabu, na madereva wa malori, waliambiwa waje kama kawaida. Madereva ndio walioona taabu kuliko wote. Mei 2020 foleni ya malori kule Malaba ilinyooka kilomita nyingi, watu wakingojea kupimwa kabla ya kuvuka kuingia Uganda, wengine wakilala chini ya malori yao.

Nawaomba mlishike jambo hili, kwa kuwa siku hizi watu husimulia habari za korona kwa kusema, "Sote tulikaa nyumbani." Si kweli. Aliyekaa nyumbani na mshahara wake alikuwa mtu wa bahati. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, na ikaendelea hivyo hadi Agosti 2021; aliyelipa nauli iliyopanda ni yule asiyeweza kufanyia kazi nyumbani. Na wapo waliopoteza kazi kabisa. Hesabu za serikali zilizotolewa 2021 zilionyesha kwamba ajira nchini zilipungua kwa zaidi ya 700,000 katika mwaka wa 2020. Basi tunapozungumza juu ya furaha na huzuni ya kurudi ofisini, tukumbuke kuwa tunazungumza kama watu waliokuwa na mahali pa kurudi.

Sasa niseme habari za nyumbani. Mimi nakaa Likoni. Kwa miaka mingi nimevuka kwa feri asubuhi na jioni pamoja na umati ule, unaohesabiwa kuwa zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Nilipoambiwa nibaki nyumbani, nilipata saa mbili na nusu za kila siku ambazo zamani zilikuwa za feri na za matatu. Niliwasikia wanangu wakisoma. Nilikula chakula cha mchana kikiwa moto. Nauli ilibaki mfukoni. Hizo ni neema, wala sioni haya kuzitaja.

Lakini nyumba zetu hazikujengwa ziwe ofisi. Meza ya kulia ilikuwa ndiyo meza ya kazi, ndiyo ya watoto ya masomo, na jioni ikarudi kuwa ya chakula. Stima ikipotea, kazi ilisimama na meli haikungoja. Mama yangu mzazi, tunayekaa naye, hakuamini hata kidogo kwamba mtu aliyeketi nyumbani na kikoi yuko kazini. Kila asubuhi kwa muda wa wiki nzima aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie kweli, wamekuachisha?" Nikimjibu kwamba hapana, hunituma dukani. Hatimaye nilivaa shati na suruali ya ofisini ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ndipo nikaachwa nifanye kazi.

Jambo la pili ni kwamba kazi iliyoingia nyumbani haikujua kuaga. Zamani nikipanda feri jioni, kazi hubaki kisiwani. Sasa simu ililia saa tatu ya usiku, na ujumbe ukaja Jumapili. Aliyekuwa nyumbani alidhaniwa kuwa tayari wakati wote. Malalamiko haya hayakuwa yangu peke yangu. Mwaka 2022 ulipelekwa muswada katika Seneti yetu wa kumpa mwajiriwa haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa zake. Mtu anaweza kuupenda muswada ule au asiupende, lakini waonyesha kwamba ukuta baina ya nyumba na kazi ulikuwa umebomoka.

Katika idara yetu ya hesabu alikuwapo mzee mmoja, mwenyeji wa Mji wa Kale. Jina lake silitaji, kwa sababu jamaa zake wapo na sikuwaomba ruhusa. Serikali ilipoufunga Mji wa Kale, Mei 6, 2020, asiingie mtu wala asitoke, yeye alikuwa ndani. Amri ile ilidumu hadi mwanzo wa Juni, na Idi ikawakuta humo humo. Mzee yule alifunga hesabu za mwezi akiwa nyumbani kwake, bila kuchelewa hata siku moja. Tulimpigia simu sote. Karani asiyejua ushuru wa bidhaa fulani unavyohesabiwa humpigia yeye. Aliyekwama na barua ya mteja mkorofi humpigia yeye. Naye alijibu kwa utaratibu, kama alivyotufundisha alipokuwa ameketi karibu nasi.

Mzee huyo alifariki wakati wa wimbi la 2021. Wizara ya Afya iliandikisha vifo zaidi ya 5,600 vya korona katika nchi nzima, na yeye ni mmoja katika hesabu hiyo. Alizikwa kwa haraka na kwa watu wachache, kama ilivyokuwa sharti la wakati ule. Wengi wetu hatukumzika. Na katika ofisi yetu walikuwapo vijana wawili walioajiriwa mwishoni mwa 2020, ambao waliijua sauti yake vizuri sana lakini hawakupata kumwona uso.

Tuliitwa kurudi sote ofisini Novemba 2021, kafyu ilipokwisha kuondolewa. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini hawakutuambia yule anayerejea ngamani hurejea na moyo wa namna gani. Mimi nitawaambia jinsi mioyo yetu ilivyokuwa.

Kwanza tulikuwa na furaha. Watu wazima walipeana salamu kama watoto siku ya kufungua shule. Pili tulikuwa na hofu. Mtu aliyejihifadhi mwaka mzima kwa ajili ya mama yake mzee, sasa aambiwa asimame tena bega kwa bega ndani ya feri, kisha arudi jioni amsalimu mama huyo. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililozinduliwa Desemba 2020 kwa ajili ya waendao kwa miguu, lilipunguza msongamano, lakini hofu haikuondoka kwa daraja. Tatu tulikuwa na uzito mbele ya wenzetu ambao hawakupata kukaa nyumbani hata siku moja. Tulipoingia tukisema, "Tumerudi!" bawabu wetu alitutazama akasema kwa upole, "Karibuni. Sisi tulikuwapo." Hakusema zaidi, na hakuhitaji kusema zaidi.

Na nne ilikuwa ile meza. Meza ya mzee wa hesabu ilikuwa kama alivyoiacha Machi 2020, na miwani yake ya akiba ndani ya mtoto wa meza. Mtu aliyefiwa hulia siku ya msiba. Sisi tulikuwa tumeupata msiba kwa simu, tukaendelea na kazi, na matanga yetu yakaanza siku ya kurudi, miezi mingi baadaye. Meneja wetu alikuwa na busara. Hakuiondoa meza siku ile. Tulisoma dua pale, Waislamu na Wakristo, kisha tukaanza kazi.

Ndugu zangu, nayasema haya kwa sababu waajiri wengi walishangaa kuona watu wao wanarudi na nyuso mbili. Wakasema, "Hawa wamezoea uvivu." Mimi nakataa. Mtu anaweza kuipenda kazi yake na kuichukia safari ya kwenda kazini. Anaweza kuwapenda wenzake na kuogopa pumzi zao. Anaweza kufurahi kutoka nyumbani na kusikitika kuwaacha wanawe. Hisia hizo hazipingani. Zote ni za kweli, na mwajiri anayezisikia zote atapata kazi bora kuliko yule anayesikia moja tu.

Tena tusidanganyike kwamba kufanyia kazi nyumbani ni jambo jipya lililoletwa na kompyuta. Wazee wetu wa mwambao wengi walifanya kazi kwao. Sonara alifua fedha mlangoni pake, fundi wa makubadhi alikata ngozi barazani, aliyeshona kofia aliishona nyumbani, na bibi zetu walisuka mikeka ya ukindu uani. Desturi ya kuwakusanya watu mamia mahali pamoja kwa king'ora na daftari la mahudhurio ilienea huku kwetu kwa sehemu kubwa pamoja na reli, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, na bandari ya Kilindini, na maofisi ya serikali ya kikoloni. Kabla ya hapo, nyumba na kazi zilikaa pamoja.

Lakini angalieni vizuri wazee wale walifanyia kazi wapi. Hawakujifungia chumbani. Walikaa barazani. Mpita njia alisimama, akasalimu, akatia neno. Mwanafunzi wa ufundi aliketi miguuni pa fundi akitazama mikono yake. Alijifunza mengi ambayo fundi hakuyasema kwa mdomo, na pengine fundi mwenyewe hakujua kwamba anafundisha.

Hapa ndipo nilipofikia mimi. Tulipokuwa nyumbani, kitu tulichokosa hakikuwa meza ya ofisi, wala kiti cha kuzunguka, wala jicho la mkubwa wa kazi. Tulikosa baraza. Na tuliporudi, kitu kilichotufurahisha kilikuwa baraza, na kilichotuudhi kilikuwa mengineyo yote: foleni, nauli, na kukaa hadi saa kumi na moja ya jioni ili kuonekana tu hali kazi imekwisha saa nane.

Waliolipa gharama kubwa ya kukosa baraza ni wale vijana wawili. Walikuwa hodari, wenye vyeti vizuri kuliko vyetu. Kila walichoambiwa walikifanya. Lakini walipokwama walinyamaza, kwa kuwa ni vigumu kijana kumpigia simu mtu mzima mara kumi kwa siku. Akiketi karibu naye, hahitaji kuuliza, mzee humwona anakuna kichwa, akamwambia, "Lete hiyo nione." Tuliporudi, mmoja wao alijifunza kwa miezi miwili mambo ambayo hakuyapata kwa mwaka mzima wa simu. Na mmoja wao ndiye sasa anayekalia meza ile ya hesabu.

Kwa hiyo natoa maoni yangu kwa mafungu matatu.

Kwa wenzangu ambao leo ni waajiri na mameneja, nao nawaona wengi hapa: msiwaite watu ofisini ili muwahesabu. Waiteni wanapohitajiana. Ikiwa mtu atavuka bahari na kukaa saa mbili njiani, kisha aje aketi peke yake na kuandika ujumbe ambao angeuandika kwake, mmepoteza saa zake bila faida. Lakini ikiwa siku ile ni ya kupanga mambo pamoja, ya kumfundisha mgeni, au ya kumaliza ugomvi ambao simu iliuchochea, basi ofisi ina maana yake. Kisha msisahau kwamba ruhusa ya kubaki nyumbani humfikia karani lakini haimfikii bawabu. Yule asiyeweza kupewa siku ya nyumbani apewe kitu kingine: nauli, au zamu iliyo nzuri, au angalau heshima ya kutajwa.

Kwa wafanyakazi wenzangu: tusiifanye nyumba kuwa pepo. Tuliobahatika kukaa nyumbani tulikaa kwa mgongo wa waliotoka. Nje ya ofisi yetu yuko mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi. Tulipoondoka Machi 2020, wateja wake waliondoka sote kwa siku moja. Hakuachishwa kazi na mtu, kwa hiyo hakuna daftari lililomwandika. Aliniambia kwamba aliuza vyombo vyake, na aliporudi 2021 alianza kwa sufuria ya kuazima. Mimi nikisema, "Ningependa nibaki nyumbani siku zote tano," yafaa nikumbuke kwamba chai yangu ya saa nne ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Simaanishi kwamba tuvuke feri kwa ajili ya mahamri. Namaanisha kwamba ofisi ina watu wengi kuliko majina yaliyo katika orodha ya mishahara.

Na kwenu vijana: ninyi mliionja hali hii kabla yetu. Mlirudi shuleni mkiwa na hamu ya marafiki na hofu ya mitihani, na waliokosa redio, simu au intaneti nyumbani walikuta wamebaki nyuma. Kwa hiyo mnajua kwamba mwalimu katika simu si sawa na mwalimu aliyesimama mbele yako. Mkiingia kazini, huenda mkaambiwa mchague: nyumbani au ofisini. Ushauri wangu ni huu. Miaka miwili ya mwanzo ketini karibu na watu wanaoijua kazi, hata kama safari ni ya taabu. Tazameni mikono yao. Ulizeni maswali ya kipumbavu mngali na umri wa kuyauliza. Mkiisha kuijua kazi, hapo dai siku yako ya nyumbani bila haya, maana utakuwa na kitu cha kwenda nacho. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mzee wa hesabu, usikae nyumbani siku zote tano, kwa kuwa yuko kijana anayekuna kichwa na hakuna anayemwona.

Bwana Mwenyekiti, mimi leo naenda ofisini siku tatu na siku mbili nafanyia kazi Likoni. Mama yangu bado hunituma dukani siku hizo mbili. Siwezi kusema nimerudi kwa furaha tupu, wala siwezi kusema natamani tungefungiwa tena. Ninaloweza kusema ni kwamba sasa nikipanda feri asubuhi najua naenda kwa ajili ya nini, na hilo zamani nilikuwa sijajiuliza hata mara moja.

Dakika zangu zimekwisha, na naona wapishi wamekwisha kufunua masufuria.  Mungu awarehemu waliotutoka katika miaka ile, awape nguvu waliobaki, na aibariki shule yetu.